Taazia ya msanii iandikwe akiwa hai

Mhariri,

Msanii mashuhuri akifariki jioni, asubuhi wasomaji hukuta maneno yale yale: nguli ametutoka, ameacha pengo lisilozibika. Ukifuta jina la mpiga gitaa ukaweka la mchoraji, habari inasomeka vizuri tu. Sisemi waandishi ni wavivu. Huwa wamebakiwa na saa mbili kabla gazeti halijaenda mtamboni, simu za familia hazipokelewi, na kilichopo mezani ni rambirambi za wanasiasa. Tanzia, yaani habari ya kifo, inaweza kuandikwa usiku huo huo. Taazia, inayoeleza mtu alifanya nini na kazi yake ilikuwa na uzito gani, haiwezi. Hiyo inatakiwa iwe imeandikwa mwenyewe akiwa bado anapumua.

Mwigizaji Elizabeth Taylor alipofariki Machi 2011, taazia yake katika The New York Times ilibeba jina la Mel Gussow, mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2005. Kuna waliocheka, lakini kazi ya aina hii ndivyo inavyofanywa. Maisha yalishaandikwa na kuhakikiwa bila haraka, wengine wakaongeza yaliyotokea baadaye.

Jalada la mtu mmoja, yaani faili la taarifa zake linaloandaliwa mapema, halihitaji kuwa kubwa. Liwe na jina alilopewa na wazazi, jina la kisanaa na tahajia anayoitumia mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa na chanzo ambako tarehe hiyo ilipatikana. Kazi zake kumi hivi muhimu, kila moja na mwaka wake na nafasi aliyoshika msanii ndani yake. Namba mbili za simu za watu wa karibu. Picha tatu zenye mwaka na jina la mpiga picha. Lifunguliwe tena kila baada ya miezi sita, na mara moja akipata tuzo au akiugua. Tarehe ya kifo, umri na chanzo cha kifo viachwe wazi kabisa. Ukijaza vya kubahatisha ili "kushika nafasi", siku moja vitachapwa.

Na majalada haya huponyoka kweli. Juni 1998 shirika la habari la Associated Press liliweka mtandaoni kwa bahati mbaya taazia ya mchekeshaji Bob Hope, na kifo chake kikatangazwa hadi ndani ya Bunge la Marekani. Aliishi hadi Julai 2003, akafariki akiwa na miaka 100. Novemba 2020 Radio France Internationale ilitoa taazia zipatazo mia moja za watu waliokuwa hai, Pelé na Malkia Elizabeth II wakiwemo, wakati ikihamisha tovuti yake kwenda kwenye mfumo mwingine. Somo la kiufundi ni dogo: majalada yasikae kabisa ndani ya mfumo unaochapisha, na kila moja lianze na mstari wa herufi kubwa unaosema mhusika yu hai.

Kuhusu umri, kosa kubwa ni la kutoa mwaka kwa mwaka. Aliyezaliwa tarehe 20 Desemba 1950 akafariki tarehe 3 Machi 2024 ana miaka 73, ingawa hesabu ya haraka inatoa 74. Gumu zaidi ni pale tarehe isipokuwepo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, umri wake ulikuwa wa kukadiria tu. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia. Kauli hiyo ina thamani na inafaa kuandikwa hivyo hivyo, ila haitoi mwaka, kwa sababu rupia ilitumika Zanzibar mpaka shilingi ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Anayeandika umri kamili bila neno "inakadiriwa" anaongeza kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Sehemu inayoharibiwa kuliko zote ni orodha ya kazi. "Aliimba", "alitunga" na "alirekodi" ni mambo matatu tofauti, na kwenye taazia nyingi hutumika kama kitu kimoja. Chukua santuri yenyewe mkononi. Maandishi makubwa kwenye lebo ni ya bendi au mwimbaji. Jina dogo chini ya wimbo, mara nyingi kwenye mabano, ndilo la mtunzi aliyesajiliwa. Nasema aliyesajiliwa kwa makusudi, maana si lazima awe ndiye aliyetunga, na palipo na mgogoro taazia iutaje. Kwenye kasha la CD, P iliyo ndani ya duara huonyesha mwaka sauti ilipotolewa, na C ndani ya duara inahusu michoro na maandishi ya kasha. Ila kwenye mkusanyiko wa nyimbo za zamani, P hiyo inaweza kuwa ya mkusanyiko wenyewe. Hapo ndipo wimbo wa 1974 unapogeuka kuwa wa 1998, na msanii anaonekana aliiga watu ambao kwa kweli ndio waliomwiga yeye.

Wengi hukwepa kazi hii kwa kunakili mtandaoni. Mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki Machi 2009, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliingiza kwenye Wikipedia maneno aliyoyabuni, akidai ni ya marehemu. Magazeti ya nchi kadhaa, likiwemo The Guardian, yaliyachapa. Makosa yalijulikana wiki kadhaa baadaye, tena kwa sababu mwanafunzi mwenyewe aliwaandikia. Nukuu isiyo na tarehe wala mahali iliposemwa itupwe, hata iwe tamu namna gani. Hasa ikiwa tamu.

Kifo chenyewe kithibitishwe na vyanzo viwili visivyotegemeana, kimoja kikiwa mtu wa familia, meneja au hospitali, kwa jina na cheo. Vituo vitatu vinavyonukuu ujumbe mmoja wa mtandao ni chanzo kimoja. Tarehe iandikwe ya mahali alipofia, kwa kuwa usiku wa Jumapili kwao unaweza kuwa Jumatatu kwenu. Familia isipotaja chanzo cha kifo, andikeni kwamba hawakukitaja, basi. Akiwa amejiua, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vyombo vya habari unataka njia aliyotumia isielezwe wala neno "kujiua" lisiwekwe kwenye kichwa cha habari.

Likitokea kosa, marekebisho yakae ndani ya taazia yenyewe mtandaoni, siyo kwenye kisanduku cha masahihisho cha ukurasa wa nne peke yake. Mtafiti wa miaka ishirini ijayo ataifungua taazia, kisanduku hatakiona.

Limebaki swali la nani afunguliwe jalada. Mwaka 2018 The New York Times lilianza kuchapa taazia za watu lililowaruka tangu 1851, baada ya kukiri kwamba nyingi zilikuwa za wanaume weupe. Waimbaji wakuu huwa hawasahauliki. Wanaosahaulika ni wapiga ngoma, mafundi sauti, wachora makasha ya santuri, wafasiri, na wanawake waliotunga nyimbo zikaimbwa na wengine. Dawati lianze na ishirini waliovuka miaka 70. Waambiwe wazi kwamba mazungumzo ni ya kumbukumbu; wazee hawaogopi hilo kama vijana wanavyodhani. Waandishi waende na kinasa sauti na santuri yenyewe, kisha waulize: siku ile studio kulikuwa na maikrofoni ngapi, nani alipiga besi, na ubeti wa tatu aliuandika nani?

Wenu,
Mhakiki wa nakala na msomaji wa kila siku