Kabla ya kumwandika "hafuati masharti"

Mhariri,

Kwenye kliniki za kisukari, sukari ikibaki juu miezi kadhaa mgonjwa huandikwa "hafuati masharti", kisha dozi ya insulini huongezwa. Mara nyingi kilichojificha hapo ni sonona. Aliyekata tamaa huruka sindano, huruka na mlo. Siku atakapojichoma ile dozi kubwa huku tumboni hamna kitu, sukari itashuka mpaka azimie.

Muuguzi wa meza ya vipimo anaweza kuligundua hili mapema. Lakini "Unaendeleaje?" haitoshi, kwani hata asiyelala usiku atajibu "Namshukuru Mungu". Aulizwe hivi: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge au huna matumaini? Kila jibu lina alama 0 (hata siku moja) hadi 3 (karibu kila siku). Jumla ikifika 3, aendelee na dodoso la sonona la maswali 9.

Uchovu, kukonda na kukosa usingizi visimpotoshe muuguzi. Sukari ikiwa juu huleta hayo hayo, maana mtu huamka kila mara kukojoa. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio navyo vyaweza kuwa hofu, au sukari imeshuka. Apime kwanza. Ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, ampe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15. Mazungumzo yasubiri.

Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, ndilo linalorukwa, kwa kuogopa kumtia mgonjwa wazo hilo. Halimtii. Liulizwe waziwazi, mbali na foleni na mbali na ndugu aliyemsindikiza. Akikiri, asiachwe peke yake, na daktari amwone siku hiyohiyo. Tena iangaliwe dawa aliyonayo: amitriptilini inayotolewa kwa miguu kuwaka moto huua ikimezwa nyingi, kwa hiyo asipewe ya mwezi mzima. Insulini haikatizwi, ila aitunze ndugu anayemwamini.

Tunawaomba waganga wafawidhi vitu viwili: kiti nyuma ya pazia, na safu ya alama hizo kwenye daftari la mgonjwa, kando ya presha na sukari.

Wauguzi wa kliniki ya kisukari,
Morogoro