Viwango vya maabara havikuandikwa kwa ajili ya wajawazito

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vipimo vya damu kwa wajawazito wenye preeklampsia, ile hali ya shinikizo la damu inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ilieleza vizuri jinsi chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo) na vimeng'enya vya ini vinavyoonyesha kiungo kinachoanza kuzidiwa. Lililoachwa, na ambalo mimi kama mkunga naliona zito zaidi, ni kwamba viwango vya rejea, yaani vile vinavyohesabiwa kuwa vya kawaida, vinavyochapishwa pembeni mwa majibu mara nyingi ni vya mtu mzima asiye na mimba.

Chukueni kreatinini. Figo za mjamzito huchuja damu zaidi kwa karibu nusu, hivyo kreatinini yake hushuka. Ikipanda hadi miligramu 1.1 kwa desilita, karatasi inaweza kuipitisha bila alama yoyote, ilhali kuvuka hapo ni mojawapo ya vigezo vya preeklampsia kali. Kinyume chake, fosfatasi alkali, kimeng'enya cha ini ambacho kondo la nyuma nalo hukitengeneza, hupanda na kuwekewa alama hata kama ini halina shida.

Chembe sahani nazo zina mtego wake. Mama aliyekuwa na 260,000 kwa maikrolita, kisha siku chache baadaye akawa na 160,000, ana majibu mawili yasiyo na dosari yakisomwa kila moja peke yake. Yakiwekwa pamoja yanaonyesha mporomoko unaodai kipimo kingine upesi, bila kusubiri zifike chini ya 100,000.

Uwiano wa sFlt-1 na PlGF, protini mbili za kondo la nyuma zinazopimwa kwenye damu, mliousifu ni msaada wa kweli, ila nguvu yake iko katika kuondoa shaka: kwa mama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, uwiano wa 38 au chini yake humaanisha kuwa uwezekano wa preeklampsia kujitokeza ndani ya wiki 1 ni mdogo sana. Wiki moja tu, si miezi iliyobaki. Anayeumwa kichwa mfululizo au kuona ukungu machoni apimwe upya, majibu ya awali yawe mazuri namna gani.

Wala kujifungua hakufungi faili. Chembe sahani zinaweza kuendelea kushuka kwa siku moja au mbili baadaye, na kifafa humpata hata mama aliyekwisha kujifungua, kwa hiyo damu ichukuliwe tena kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Wako,
Mkunga na msomaji wenu