Watoto wetu wawajue pia wamisionari Waafrika

Mhariri,

Nilipokuwa mtoto wa shule ya Jumapili huku Toro, magharibi mwa Uganda, mgeni kutoka Ulaya alituonyesha picha za nchi alizohubiri, na tangu siku ile nikaugawa ulimwengu mafungu mawili: wenye kupeleka Injili na wenye kupelekewa. Sikufundishwa hivyo kwa maneno. Nilijifunza kwa kutazama ni nani anayesimama mbele na ni nani aliyeketi sakafuni.

Siwabezi wamisionari. Waliofika Buganda mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki waliowafuata mwaka 1879, walifundisha watu kusoma na kuandika, na hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dkt. Albert Cook mwaka 1897, ingali inatibu wagonjwa. Lakini mtoto anayesimuliwa habari zao peke yake hukua akidhani kwamba wema hutoka ng'ambo daima.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa dini wawasimulie watoto habari za Apolo Kivebulaya, Muganda aliyevuka milima ya Rwenzori mwaka 1896 hadi Boga, Kongo, akapigwa na kufungwa, kisha akarudi kuwahubiria watu wale wale, na baadaye Wambuti wa msituni ambao wengi waliwadharau. Alipofariki mwaka 1933 alizikwa huko huko, kichwa kikielekezwa magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza mwenyewe. Binti yangu aliposikia kisa hicho aliniuliza kama naye anaweza kutumwa Kongo.

Mzazi,
Fort Portal