Diski ya kompyuta ya zamani ikiwa nzito, usikimbilie kuitupa

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta za miaka ya 1980 hutuambia diski imechoka. Mara nyingi diski ni nzima. Kinachoifanya iwe nzito, yaani isome polepole, ni jinsi sekta (vipande vidogo vya data) zilivyopangwa juu ya sahani inayozunguka ndani yake, na hilo hurekebishika bila kununua kifaa kipya.

Chukua diski ya MFM (namna ya zamani ya kurekodi data) ya enzi za IBM PC XT, kompyuta iliyotoka 1983. Sahani huzunguka mara 3600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, na kila duara la data lina sekta 17. Kompyuta ya wakati ule ikishasoma sekta moja, huhitaji muda kuipeleka kwenye kumbukumbu kabla ya kupokea nyingine. Sekta zikifuatana bega kwa bega, ya pili huwa imeshapita, na kichwa cha kusomea hungoja mzunguko mzima. Ndiyo maana namba 2 haikuwekwa jirani na namba 1, bali nafasi kadhaa mbele. XT ilipangwa kwa hatua ya 6, yaani sekta inayofuata iko nafasi 6 mbele, kwa hiyo kusoma duara moja huchukua mizunguko 6.

Kadi nyingi za diski (zinazoiunganisha diski na kompyuta) zilizokuja baadaye humudu hatua ya 3, nyingine hata ya 1. Ukitoka 6 kwenda 3, faili ndefu husomeka karibu mara mbili upesi. Ila ukizisogeza sekta karibu mno kupita uwezo wa mashine, kila moja hukosa zamu yake, na duara lilelile hutaka mizunguko 17 au zaidi. Kwa hiyo hatubahatishi: tunapima kila hatua kwenye mashine yako mwenyewe ndipo tuchague.

Kwa kawaida kazi hii ni kufomati diski upya tangu msingi, na kila kilichomo hufutika. Hatuigusi mpaka nakala ya data yako imefunguka kwenye kompyuta nyingine.

Diski za IDE, zenye kidhibiti chake ndani yake, ni habari nyingine kabisa. Hizo zilipangwa kiwandani. Tafadhali usizifomati kwa namna hii. Kwa hizo tunakusanya faili zilizotawanyika, na RAM ikitosha tunawasha SMARTDRV (programu ya DOS inayohifadhi data ya diski kwenye kumbukumbu) kwa upande wa kusoma tu, maana ikichelewesha kuandika na umeme ukakatika, kazi yako inapotea.

Ukileta diski ya MFM, lete na kadi yake. Iliyofomatiwa kwa kadi moja mara nyingi haisomeki kwa kadi ya aina nyingine.