Barua kwa dada yangu wa Machame: pole ya pembeni haitoshi

Dada, shikamoo.

Najua ungependa haya tuyaongee jikoni, sisi wawili. Nayaandika hadharani kwa sababu kina dada kama wewe wapo wengi Kilimanjaro: Wakristo wanaotupenda kweli, damu moja na sisi, ila maneno ya kutuchukia yakipita mbele yao hunyamaza ili ukoo usigombane.

Waislamu wa huku mlimani ni wachache. Ni wangapi hasa, serikali haina hesabu, maana sensa haijauliza dini tangu ile ya 1967. Kwenye ukoo wetu lakini unatuhesabu kwa vidole, na tumeishi vizuri. Babu, mzee wa kanisa la Kilutheri, hakukubali mbuzi wa Desemba achinjwe mpaka baba yangu afike, ili wote tule. Na mama yako, kabla damu ya kisusio, ile supu yetu ya Kichaga, haijatiwa, alikuwa anachota supu ya mama yangu na kuitenga kwenye sufuria ndogo. Akaifunika, akaisogeza mbali na lile sufuria kubwa, damu isije ikairukia. Hakuna aliyemwagiza.

Ndiyo maana ile sauti iliyotumwa kwenye kundi la ukoo imeniuma kuliko ingetoka kwa mtu baki. "Hao wavaa kanzu, leo mnakula nao, kesho watawalipua." Wengine wakacheka, wengine wakaweka dole gumba. Wewe ukanifuata pembeni: "Pole mdogo wangu, usimjali." Nilishukuru, dada. Ila kwenye kundi hukuandika neno, na mwanao, huyu niliyemzaa mimi, yumo mle.

Nikueleze yanayompata. Yuko kidato cha pili. Wenzake wanamwita al-Shabaab, wanasema ni utani, na siku moja mwalimu naye alicheka. Zamani kila Ijumaa aliomba ruhusa ya kwenda kuswali. Siku hizi haombi. Kofia yake nimeikuta chini kabisa ya begi, imekunjwa ndani ya soksi ya mpira. Nikamuuliza kama ameacha kuswali. Akasema anaswali nyumbani, ambako hakuna anayemwangalia. Kisha akauliza kama anaweza kuandika jina la ukoo tu kwenye madaftari, lile la Kichaga, na la kwanza aliache.

Mtoto wa umri ule ameshajifunza kujificha, na mimi mama yake sijui nimwambie nini. Nimwambie avae kofia, kesho nimpokee analia? Nimwambie aivue, niwe nimekubaliana nao?

Wakubwa nao yanawapata hayo hayo. Mdogo wetu alitafuta chumba Arusha, akakubaliana na dalali kwa simu mpaka kodi ya miezi sita. Alipotaja jina lake, chumba kikawa kimeshapata mtu. Dalali, namshukuru kwa ukweli wake, alimwambia mwenye nyumba hataki Waislamu. Mama akipanda basi la Arusha siku hizi baibui analiacha nyumbani, anajifunga kitenge na mtandio mfupi. Anasema anataka kusafiri bila kutazamwa.

Hofu yenu naijua ilikotoka. Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, Aprili 2015, al-Shabaab waliua watu 148, na waliwatenga Wakristo ili wawaue. Watatu walipotiwa hatiani huko mwaka 2019, mmoja wao alikuwa Mtanzania. Hapo Olasiti, Arusha, Mei 2013, bomu lilirushwa kanisani na watu watatu wakafa. Niliwalilia wale watu, na sitamwambia yeyote asiwaogope wauaji.

Lakini tarehe 15 Machi 2019, Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliingia misikiti miwili siku ya Ijumaa akaua waumini 51, kwa sababu tu ni Waislamu. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kimataifa ya kupambana na chuki dhidi ya Uislamu. Wewe hukuulizwa na mtu kuhusu muuaji yule. Hakuna jirani aliyekutazama vibaya sokoni, na ilikuwa haki yako. Mwanao anataka haki hiyo hiyo.

Nimejaribu kujibu mwenyewe. Nikikemea, naambiwa nina hasira za dini, nakuza mambo, mbona ni utani tu. Nikinyamaza, inachukuliwa nimekubali. Wewe ni mtoto wa mjomba, umeimba kwaya na hao hao, harusi zao umesimamia wewe. Hakuna atakayesema unatetea dini yako.

Kwa hiyo, dada, jibu pale pale kwenye kundi, kwa jina lako, wote wasome. Na Desemba tukikutana Machame, watoto wakimwita mwanao lile jina, usigeuke kuniangalia mimi. Waite, wakalishe chini, uwakanye wewe mama yao mkubwa, naye akiwa anasikia.

Mdogo wako,
Moshi