YAH: MALALAMIKO KUHUSU UGEZI WA MZIGO WA KIELEKTRONIKI

Meneja, Kitengo cha Ugezi wa Vifaa,

Ndugu Meneja,

Kwa heshima, naandika kuhusu mzigo wa kielektroniki, yaani mashine inayovuta umeme wa betri ili kuijaribu, niliowakabidhi muufanyie ugezi wa volti na mkondo, yaani kuulinganisha na kipimo sahihi na kuurekebisha. Taratibu zenu mnazijua, sitawasomea. Ulikuja kwenu na kasoro ndogo, ukarudi na kubwa, tena umebandikwa stika ya kufaulu.

Betri ya volti 12 nimeiunga kwa nyaya nne: mbili nene za mkondo, mbili nyembamba za kuhisi volti, zimeshika nguzo za betri zenyewe. Multimita yangu, ambayo cheti chake hakijaisha muda, inasoma 12.00. Mzigo unasoma 12.25. Nikizima mkondo kabisa, bado unazidisha vilevile. Basi nyaya zangu hazihusiki, maana waya hupoteza volti mkondo unapopita tu. Lakini ampea 5 zikipita kwenye waya wenye ukinzani wa omu 0.05 hupoteza volti 0.25, na ndiyo tofauti ninayoiona. Naamini fundi wenu alipima volti ya kulinganishia upande wa chanzo cha umeme huku mzigo ukivuta, kisha kilichopotea njiani akakiingiza kwenye kumbukumbu ya mashine.

Mkondo nao umepotoka. Skrini ikisema ampea 5.00, rezista yangu ya shanti, ile ya kupimia mkondo, ya omu 0.01 inatoa milivolti 48.9 badala ya 50. Nikichomoa kila kitu, skrini inabaki na ampea 0.03. Sifuri haikuguswa!

Hayo yangezungumzika. Yasiyozungumzika ni yaliyonikuta kaunta kwenu. Nilikuja na betri, multimita, na kijana ninayemfundisha kazi. Nikaunga kila kitu mbele ya fundi wenu, nikamwomba aangalie skrini mbili tu. Hakuangalia. Alizichomoa nyaya zangu za kuhisi, akazitupa mezani, akasema: "Mama, mashine haidanganyi. Wewe ndiye hujui kupima."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepiga simu mara mbili, nikaambiwa cheti kiko sawa. Cheti chenyewe hakina vipimo vya kabla ya marekebisho, kina neno "imefaulu" kila mstari. Na kabla sijagundua kosa, betri 3 za wateja wangu zilikwishashushwa hadi volti 10.29 huku skrini ikionyesha 10.50, kiwango nilichoweka mzigo ukate. Betri ya risasi na asidi haishukuru kushushwa hivyo.

Narudia, ili asije mtu akasema sikueleza. Skrini mbili zilikuwa zinawaka mbele yake, 12.00 na 12.25. Kuzisoma kungemchukua muda wa kupepesa jicho. Akaona heri azing'oe nyaya, ushahidi upotee, halafu aniite nisiyejua kupima, mbele ya mwanafunzi wangu na wateja waliokuwa kwenye foleni. Kijana yule aliinamisha kichwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, Ndugu Meneja, na sijawahi kutoka kwenye ofisi ya mtu nikiwa natetemeka.

Naomba ugezi urudiwe bila malipo, na fundi mwingine, nikiwepo. Mashine ipate joto la kazi kwanza, angalau dakika 30. Volti irekebishwe pale zinapoungwa nyaya za kuhisi, kisha mkondo, sifuri kwanza halafu kiwango cha juu, na vipimo vya kabla na baada viandikwe vyote.

Nilipoanza kuandika nilitaka hayo tu. Sasa nataka pia fedha zangu zote, fidia ya betri 3, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, iliyoandikwa kwangu na kwa mwanafunzi wangu.

Nawapa siku 7. Zikipita kimya, picha za skrini zote mbili pamoja na cheti chenu nitazipeleka kwa waliowapa ithibati, na kwa kila fundi ninayejua kwamba huleta vifaa vyake kwenu.

Wako,
Mteja wenu