Msumari, uzi na sakafu inayopanda ukutani

Tabora

Mwanangu Rehema,

Mchoro wako ulionitumia kwa simu nimeuona. Mama yako naye ameuona, akauliza kwa nini umechora ukuta wa vigae juu ya ukuta mwingine. Nikamwambia hiyo ni sakafu. Akanyamaza kwa adabu.

Unasema umekifuata neno kwa neno kitabu cha kuchora vitu vionekane kwa umbali wake, ulipofika kwenye vigae ukakwama. Hata mimi nilikwama hapo hapo. Kitabu changu kilikaa karakanani miaka, mchwa wakala jalada lote, kabla sijaelewa kinataka nini.

Mistari inayokimbilia kwenye nukta ya kupotelea, pale mbali inapoonekana kukutana, umeipatia yote. Kosa liko kwenye ile inayokatiza: umeipanga kwa nafasi sawa. Ukija likizo tutaenda kusimama relini. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, uipime hapa au Kigoma, lakini kwa macho inabana hadi inakuwa uzi. Sasa tazama mataruma. Yaliyo karibu na miguu yako utayahesabu moja moja. Ya mbali yamesongamana hata huoni nafasi kati yake. Vigae vyako navyo vinatakiwa kusongamana hivyo.

Vipungue kwa kiasi gani? Hapo ndipo wengi wanakisia. Alberti, aliyeandika juu ya uchoraji kule Italia mwaka 1435, aliwasema wachoraji waliokuwa wakiipunguza kila nafasi kwa theluthi moja ya iliyotangulia, basi, bila sababu. Dawa ya kukisia huko ni nyepesi, na fundi yeyote wa vigae angeielewa. Kwenye sakafu halisi, ukivuta uzi kutoka pembe hadi pembe ya kigae kimoja na kuendelea nao, utapita kwenye pembe za vigae vyote vya njia hiyo. Mstari ulionyooka sakafuni hubaki umenyooka kwenye karatasi. Kwa hiyo vuta mshazari mmoja, na kila unapokutana na mstari unaokimbilia kwenye nukta, pitisha hapo mstari wa kukatiza. Vigae vitabanana vyenyewe.

Utauliza mshazari uelekee wapi. Weka nukta nyingine pembeni, kwenye ule ule mstari wa upeo, yaani mstari wa usawa wa jicho lako, mbali na ile ya kwanza kwa kadiri jicho lako lilivyo mbali na karatasi. Pima: jicho na karatasi, kama sentimita 50. Daftari lako halina upana huo, najua. Wewe uliiweka nukta ndani ya karatasi ili itoshe, ndiyo maana kigae cha kwanza kimerefuka kama jeneza.

Mimi kosa hilo liliniharibia kazi. Mteja mmoja alitaka aone kabati kwa mchoro kabla ya kutoa malipo ya awali. Kabati linaonekana kwa pembe, kwa hiyo lina nukta mbili, kushoto na kulia, nami nikazibana zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Kabati likatoka limechongoka mbele kama jahazi. Akaniuliza nguo zitakaa wapi. Hakurudi. Siku hizi nabandika karatasi katikati ya meza, napigilia msumari mdogo mbali huku na mwingine mbali kule, nafunga uzi, kisha nauvuta hadi kwenye mchoro na kupitisha penseli.

Nilidhani nimegundua kitu, kumbe Mjerumani Albrecht Dürer alinitangulia kwa karibu miaka 500. Kitabu chake cha kuwafundisha mafundi na wachoraji kupima kilitoka mwaka 1525, na mchoro mmoja ndani yake naupenda kuliko yote. Mezani kuna ala ya nyuzi, ndugu yake udi wa taarabu. Ukutani kuna pete, uzi umepita humo na upande mmoja umening'inizwa uzito. Mtu mmoja anashika ncha ya uzi na kuigusisha kwenye ala, mwenzake anaandika uzi umekatiza wapi ndani ya fremu ya mbao, halafu wanafunga kijimlango chenye karatasi na kutia nukta. Nukta baada ya nukta, ala inajitokeza karatasini. Ile pete ndiyo jicho. Kitabu chako kinasema maneno mengi kuhusu jicho kutotikisika. Picha hiyo inayamaliza yote.

Jambo jingine, ule mstari wa upeo. Umeuweka juu sana kwa sababu kitabu kimeuweka hapo. Nenda ufukweni jioni. Ukikaa mchangani, ukingo wa bahari unakaa nawe, ukisimama unainuka, ukipanda ghorofani unapanda. Daima uko usawa wa jicho lako, ni pimamaji usiyoinunua. Kwa hiyo kabla ya mstari wowote jiulize: mimi nimekaa au nimesimama?

Na hili la kusema Edward Tingatinga "hakujua kuchora" kwa kuwa wanyama wake hawana umbali, liache. Alipaka rangi zinazong'aa juu ya hadibodi, chui akijaza ubao mzima, na hakumdai mtu nukta ya kupotelea. Wewe unajifunza kwa sababu unataka kuchora majengo, na jengo lisipokaa vizuri mwenye fedha anaondoka. Ni kazi tofauti.

Nimempa dereva wa basi bahasha yako. Ndani kuna misumari ya nusu inchi, uzi mweusi wa mama yako (hajui bado), na kipande cha sabuni. Sabuni ni ya dirishani: fumba jicho moja, usitikise kichwa, chora juu ya kioo korido unayoiona nje, kisha linganisha na ulichochora kwa kitabu. Misumari usiipigilie kwenye meza ya hosteli. Tafuta ubao.

Baba yako